Sheria Niliyoitunga pale Tirampla

Wiki iliyopita nilipita mbele ya karakana moja hapa Beni, upande wa barabara ya Oicha, nikanusa mbao mbichi ya mkaratusi na mawese yaliyoungua. Nilisimama palepale na mfuko wangu wa sombe, majani ya muhogo, mkononi. Fundi alikuwa akivalisha mpira gurudumu la chukudu, akaniuliza kama nataka kununua. Nikamwambia hapana, nanusa tu. Alinitazama kama mtu anayetazama mwanamke aliyeanza kuzeeka kichwani kabla ya miguu, akairudia kazi yake.

Siku chache kabla ya hapo kaka yangu Paluku alinipigia simu kutoka Butembo. Ule mteremko wetu, aliniambia, umekatwa viwanja. Palipokuwa na tirampla, tuta letu la kurukia, pana nyumba ya matofali na mbwa mkali. Nikamuuliza kama amesikitika. Akasema mtu mzima hasikitikii tuta la udongo. Halafu akanieleza, hatua kwa hatua, mlango wa nyumba ile uko umbali gani kutoka tuta lilipokuwa.

Ninyi mliokulia kwenye vilima vile mnajua chukudu ni nini. Kwa wengine niseme kwamba ni gari la mbao la kusukuma: magurudumu mawili, ubao wa kuwekea goti, usukani mbele, injini hakuna. Wakubwa walishushia viazi na makaa kutoka milimani. Sisi watoto tulikuwa na machukudu madogo, tuliyochongewa au tuliyochonga wenyewe kwa visu vya mama zetu, na makofi yalifuata. Shughuli yetu kubwa maishani ilikuwa kushuka nayo mteremko kwa mbio zote, kupanda tuta lililokuwa chini, na kuruka hewani.

Tuta lile halikujengwa na mtu yeyote kwa nia hiyo. Mashine ya barabara ilikuja kusawazisha kiwanja, ikarundika udongo mwekundu pembeni, ikafa. Watu waliibeba mashine kipande kwa kipande mpaka ikabaki tuta peke yake. Fundi mmoja wa machukudu, jirani yetu Mbusa, alikuwa na desturi ya kuijaribu kila chukudu mpya kwenye mteremko ule kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Siku moja breki ilimkatalia. Alipanda tuta, akapaa na kuangukia kwenye shamba la poaro, vitunguu vya majani, la mama mmoja. Wanasema aliinuka, akatema majani, akasema, "Hii iko muzuri." Kesho yake watoto wote wa kata walikuwa pale.

Jina tulilipata kwa mwalimu wetu wa darasa la nne. Alituambia kwa Kifaransa kwamba kitu kama kile kinaitwa tremplin, na sisi kwa midomo yetu tukakifanya tirampla. Alituletea picha aliyoikata kwenye gazeti kuukuu: mtu amefunga mbao mbili ndefu miguuni, amelala juu ya hewa kama anayetaka kumnong'oneza mtu jambo, na chini yake mlima wote ni mweupe. Mwalimu akaeleza kwamba huko wanajenga tirampla kubwa kuliko kanisa, wanaruka juu ya theluji na kutua wamesimama. Hatukumwamini. Nani apande mlima wa barafu kwa miguu yake ili akaanguke kwa hiari yake? Paluku aliikagua picha ile kwa makini, kisha akatoa hukumu: "Huyu ni Paluku wa kwabo."

Hakuwa anatania. Kwetu, kama mnavyojua, jina linasema umezaliwa wa ngapi. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza ni Masika, na Masika ndiye mimi. Basi mstari wa tirampla tuliupanga kwa majina. Wa kwanza wa kila nyumba waliruka kwanza, wakafuata wa pili, na kuendelea hivyo mpaka vitindamimba waliokuwa wakilia kwa kungoja. Kila cheo kilikuwa na kigingi chake mahali pa kutua, kuonyesha nani amefika mbali zaidi. Mara moja Kambale wa nyumba ya pili alikipita kigingi cha akina Paluku wote. Kikao kikaitishwa, ikaamuliwa kwamba ni upepo. Mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba dunia nzima inahesabu watoto wake hivyo, na kwamba wa pili kumpita wa kwanza ni jambo ambalo miili yenyewe inakataa.

Mvua za Septemba zilikuwa zikila tuta kila mwaka, na kila mwaka tulilijenga upya. Tulibeba udongo kwa mabeseni ya mama zetu, tukauchanganya na majivu na maganda ya migomba, tukaukanyaga kwa miguu tukiimba. Mdomoni, pale chukudu inapoachana na dunia, tuliweka mabanzi ya mkaratusi tuliyopewa na fundi Mbusa, tukayapaka mashapo ya mawese ili yateleze. Mama zetu walikuwa na vita na tirampla. Mkono ukivunjika, machukudu yalipasuliwa yakapikiwa maharagi. Wiki haikupita ila mengine yamekwisha kuchongwa.

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Mimi, Masika, wa kwanza wa wasichana, mshika mstari, mwenye fimbo ya kupimia vigingi, sikuwahi kuruka hata mara moja. Nilikuwa na woga. Kazi ya kushika mstari niliitafuta mwenyewe, maana mwenye kupanga wengine haulizwi kwa nini yeye hapangwi. Wasichana wengine walioruka walikuwa wawili watatu, wadogo zangu kwa cheo, na nilikuwa nawaambia kwa sauti ya kikubwa kwamba mimi nangoja kigingi kisogee mbali kwanza, ndipo nije kukipita.

Ndipo akaja Mbuyi. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, ametumwa na serikali kutoka Kasai, wakapanga nyumba ya mabati mekundu chini ya kwetu. Alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye miguu myembamba na macho yasiyoogopa kitu. Siku ya pili tu alipanda mlima, akautazama mteremko, akamtazama Kasereka wa jirani akipaa na kubingirika, akacheka kwa furaha. "Mi pia," akasema.

Nilimfuata na fimbo yangu. "Weye ni wa ngapi kwenu?"

"Mi ni Mbuyi."

"Jina tunajua. Wa ngapi?"

"Ni jina ya mapasa. Mi nilitokaka wa kwanza. Wa pili anaitwaka Kabanga."

Mapacha kwetu si watu wa kuchezea, wana majina yao nje ya hesabu ya wengine, na pale tirampla hatukuwa na mapacha wowote. Kila mtu alinigeukia mimi. Nilimwona Mbuyi alivyoishika chukudu ya Kasereka, jinsi alivyokuwa tayari, na nikajua kwamba msichana huyu akiruka leo, kesho wote watauliza kwa nini Masika hajaruka.

"Mwenzako iko wapi?" nikamuuliza.

"Haiko hapa."

"Donc hapana. Mapasa hapana kuruka moja-moja. Kama moja anaruka na ingine anabaki, ile ingine anagonjwa. Bibi yetu alisema. Leta Kabanga, mutaruka babili."

Bibi yetu hakusema neno lolote la namna hiyo. Nililitunga papo hapo, na lilitoka laini hata mimi nikakaribia kuliamini. Paluku alikuna kichwa, akasema loi ni loi, yaani sheria ni sheria. Mbuyi aliirudisha chukudu polepole. Alikaa kwenye majani akatazama wengine wakiruka mpaka kengele ya kanisa ikapigwa.

Alikuwa akija kila siku baada ya shule. Kila siku nilimuuliza, "Kabanga iko wapi?" na kila siku alisema, "Haiko hapa." Mwishoni nilimkasirikia yule Kabanga. Maana nilijua yuko nyumbani kwao. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwenye kamba yao magauni mawili ya rangi ya ndizi mbivu, kipimo kimoja, yakikauka bega kwa bega. Nilikuwa nimeona vikombe viwili vidogo vya bati dirishani. Nilimjenga Kabanga mzima kichwani mwangu: mvivu, mwenye maringo, amelala kitandani akila beignets, yaani maandazi, huku dada yake anakaushwa na jua kwa ajili yake. Na moyoni nikamshukuru kidogo, kwa sababu uvivu wake ndio uliokuwa ukiniokoa.

Mvua zilianza mapema mwaka ule, mdomo wa tirampla ukabomoka, tukakaa bila kuruka. Jumatano moja mama alinipa sahani ya viazi vilivyotoka Luofu nimpelekee mama yake Mbuyi, jirani kwa jirani. Nilimkuta jikoni, peke yake, akichagua maharagi. Watu wazima wa kwao walimwita Mwambuyi, yaani mama wa mapacha, na kwao hilo ni jina la heshima kubwa. Sisi tulimwita Mama Mbuyi. Nilipokea ahsante yake, na badala ya kuondoka nikasimama mlangoni nikajitia ujasiri.

"Mama Mbuyi, mwambie Kabanga atoke. Banamungojea kule ku tirampla. Mbuyi anateseka juu yake."

Vidole vyake viliacha kuchagua. "Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, Mama. Ni loi. Mapasa anarukaka na mwenzake."

"Loi hiyo, nani aliitunga?"

Ningeweza kusema bibi. Sijui kwa nini sikusema. Labda kwa sababu alikuwa ananitazama bila hasira yoyote. "Ni mi," nikasema.

Aliweka ungo chini. "Keti, mutoto wangu." Nikakaa juu ya kibao. "Mwenzake alikufa. Kule kwetu Kananga, balikuwa na miaka tatu. Homa, siku mbili tu. Mbuyi hakukuambia?"

"Alisema haiko hapa."

"Si ni kweli?"

Nilitazama nje kwenye kamba. Alifuata macho yangu. "Kwetu mapasa hapewake kitu kimoja. Na mi sijafika pa kuacha. Nikienda sokoni nikitaka kununua moja, mukono yangu inakataa." Alisema hivyo kama anayeeleza tabia ya mkono, si ya moyo. Lile jina lenyewe, Kabanga, tangu nianze kuzungumza naye, hakulitaja. Kisha akapangusa uso kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akaniambia kwamba hata hivyo jambo limekwisha, maana baba yake Mbuyi amepata barua ya kuhamishwa, Jumamosi wanapanda gari kwenda Bunia.

Mwiba wa kujidunga hauna kilio, lakini mimi nililia. Nililia njia nzima, kamasi na yote, na sahani tupu kichwani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Nilimkuta Paluku chini ya paa la jikoni akinoa kisu, nikamwambia kila kitu kwa pumzi moja: kwamba Kabanga amekufa, kwamba bibi hakusema kitu, kwamba loi ni yangu.

"Uliitunga juu ya nini?"

"Juu niko na woga. Sijarukaka. Hata siku moja."

Nilitegemea acheke. Paluku alikuwa akicheka hata kwenye misa. Alinoa kisu kidogo, akasema, "Tunajua. Bote tunajua, Masika. Tulikuwa tunakuacha tu." Hata leo sijui kama kuna neno lililowahi kunipiga kuliko hilo. Mwaka mzima nimetembea na fimbo ya ukubwa, na watoto wale wakorofi, waliokuwa wanacheka kilema cha mbuzi, walikuwa wananifunika mimi.

Alhamisi tulijenga. Sijaona watu wakijenga namna ile, hata baadaye, hata kanisa. Paluku alipita nyumba kwa nyumba, na baada ya shule walikuja wote na mabeseni, wa kwanza mpaka wa mwisho, bila mstari. Udongo ulikuwa mzito kwa maji, ukarudi kuteremka mara mbili, tukaushindilia na mawe chini. Fundi Mbusa aliposikia tunajengea nani, alikuja mwenyewe na mabanzi mapya manne na chukudu ya kipimo cha kati, aliyokuwa amemchongea mtu, akasema mwenye chukudu atangoja. Ijumaa mchana mawingu yalikaa juu ya mlima wa pili, yakatutazama, hayakuja.

Mbuyi alifika. Paluku akamwambia mbele ya wote kwamba ile loi imefutwa, haikuwa loi, aruke hata mara kumi. Mimi nilisimama pembeni nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Mbuyi aliisogelea chukudu, akaugusa usukani. Kisha akatikisa kichwa.

"Mi hapana kuruka peke yangu."

"Lakini loi haiko tena," Paluku akamwambia.

"Mulisema mapasa ni babili." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anatukumbusha tu. "Ni kweli. Hata Mama anasemaka vile. Mi siwezi kumuacha."

Ndiyo hivyo. Neno nililolitupa kama ganda la ndizi, yeye aliliokota na kuliweka kifuani. Siku zote zile, pale kwenye majani, hakuwa anasubiri ruhusa yetu. Watoto walitazamana. Kasereka alianza kusema kitu kuhusu muda, jua linashuka. Na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema, kabla woga wangu haujapata nafasi ya kukataa, "Mi nitakuwa nyuma yake."

Hakuna aliyecheka. Mbuyi alinitazama kama anayenipima. "Utakuwa Kabanga?"

"Kwa leo."

"Sawa," akasema, akajisogeza mbele kunipa nafasi.

Nilipanda nyuma yake nikamshika kiuno. Pale chini, karibu na vigingi, nilimwona Mama Mbuyi amesimama na kikwembe chake kimefungwa vibaya, kama mtu aliyeacha jungu motoni. Sijui nani alimwita. Paluku aliweka mikono mgongoni kwangu, akaninong'oneza, "Usifunge macho, utaanguka vibaya," akatusukuma.

Niliyafunga. Nilisikia upepo, nikasikia Mbuyi akipiga kelele kwa lugha ya kwao, nikasikia mabanzi yakigonga chini yetu, halafu nikasikia kimya. Ndani ya kimya kile niliyafungua. Nikaona mabati ya kata nzima, moshi wa majiko, mlima wa pili na mawingu yake, na shingo ya Mbuyi mbele yangu, yenye jasho. Sikuwa na woga hata kidogo. Woga wote ulikuwa umebaki juu ya mbao. Nilifurahi, tena nilifurahi sana, na nilitaka tubaki.

Dunia haikutaka. Tuliangukia kwenye poaro, chukudu huku, sisi kule, nikaacha nusu ya jino la mbele kwenye usukani. Tuliinuka tumejaa tope hata hatujulikani nani ni nani. Paluku alipiga hatua kupima, akafika tulipotua, akasimama akikuna kichwa. Tulikuwa tumevipita vigingi vyote. Hakuna aliyetaja upepo. Alivunja vijiti viwili vya mkaratusi akavichomeka pamoja, na Mbuyi akavisogeza hadi vikagusana. Mama Mbuyi alitufikia akitweta. Alilowesha ncha ya kikwembe kwa mate, akatupangusa nyuso, huyu kisha yule, huyu kisha yule.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya mabati mekundu. Kata nzima ilikuwa imetoka kuaga. Baba yake Mbuyi, mtu wa kimya mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa anahesabu mizigo. Mimi na Mbuyi tulikuwa tumepanda juu ya magodoro, tumekaa tumeshikana mikono. Alikuwa amenionyesha jinsi jino langu lililovunjika linavyopitisha ulimi, tukacheka, tukaacha kucheka. Injini ikawaka. Dereva akapiga honi. Sikusogea. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba pengine hawatagundua, kwamba nitafika nao Bunia.

Mama Mbuyi alipanda kwa kushika ubao wa pembeni, akatukuta pale. Akatutazama sote wawili. Nilimwona akivuta pumzi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mama yeyote mwenye haraka asubuhi.

"Kabanga," akaniambia, "shuka sasa. Gari inaenda."

Chini, baba yake Mbuyi aliacha kuhesabu, akavua kofia.

"Ndiyo, Mama," niliitika, nikashuka.